Tulikua kwa Mwendo wa Betri

Skuta ya kwanza ya umeme tuliyoiunda ilikuwa nyeupe, na mtu wa kwanza kuikataa alikuwa mzee wa steji moja ya boda boda kule Donholm, Nairobi. Mwaka ulikuwa 2019. Hakutudhihaki. Aliizunguka mara mbili, akabonyeza kiti kwa kiganja, akachutama akapima gurudumu kwa shubiri, kisha akaniuliza, "Madam, gunia la viazi nitaliweka wapi?"

Nilimwonyesha kisanduku cha nyuma. Akatikisa kichwa kwa upole, akanishika mkono hadi kwenye pikipiki yake ya petroli. Ilikuwa na kiti kirefu, kamba za mpira zimeviringwa tayari, na keria ya vyuma aliyokuwa amechomelewa na mafundi wa Kamukunji. Asubuhi ile alikuwa ameshabeba mtungi wa gesi, kreti mbili za soda, na mama mjamzito aliyekuwa akienda kliniki. "Watoto wangu wanakula kwa hii keria," akasema.

Nilirudi kazini na maneno hayo, na kwa kweli sijayaacha hadi leo.

Wakati huo tulikuwa watu saba katika godauni ya kupanga, Industrial Area. Mimi niliajiriwa kama fundi wa betri. Nilikuwa nimesomea umeme katika chuo cha ufundi, kisha nikashinda miaka mitatu Barabara ya Luthuli nikitengeneza simu na redio. Pikipiki nilizijua kama abiria tu. Vipande vya skuta vilitufikia kwa kontena kutoka China kupitia bandari ya Mombasa. Sisi tukaviunganisha, tukafunga betri zetu, tukapaka nembo. Tuliamini kwamba kwa kuwa skuta haina moshi, haina kelele, na haili petroli, watu wangejipanga mlangoni. Kwa miezi kadhaa mlangoni hakusimama mtu ila mlinzi.

Corona ndiyo iliyotufundisha kwamba skuta yenyewe haikuwa na kosa. Kafyu ya usiku ilipoanza Machi 27, 2020, watu wakajifungia ndani, na maduka ya dawa na vyakula yakahitaji wa kuwapelekea wateja mizigo midogo. Skuta ina sakafu tambarare mbele ya kiti. Unaweka kreti ya mayai katikati ya miguu na unaiona njia nzima. Akina dada waliovaa sketi waliipanda bila kuinua mguu juu ya tangi. Ndani ya mwaka ule tuliuza skuta zetu zote, zile zile zilizokuwa zimefunikwa turubai. Tulikuwa tumezipeleka kwa mtu asiyezihitaji, basi. Mzee wa Donholm alikuwa ametuambia hivyo kwa swali moja, nasi tukachukua mwaka mzima kulielewa.

Kwa watu wa steji ilibidi tuunde chombo kingine: pikipiki hasa, yenye fremu ya chuma kizito, kiti kirefu na keria. Fremu tuliamua kuzichomelea wenyewe. Mkurugenzi alimwajiri fundi mmoja aliyekuwa akitengeneza mageti na masanduku ya chuma Kamukunji, mtu mzima, mkimya, ambaye hakuwa na cheti hata kimoja. Kuna walionuna. Walikuwapo vijana wenye digrii ambao hawakuona sababu ya kukaa naye meza moja.

Miezi minne baada ya kutoa pikipiki kumi za majaribio, tatu zilirudi na ufa. Ulikuwa mwembamba kama unywele, chini ya kiti, pale keria inaposhikana na fremu. Kwenye kompyuta ya mhandisi sehemu ile ilikuwa imara kabisa. Yule fundi akazima taa ya juu, akawasha tochi ya simu, akapitisha ukucha juu ya ufa taratibu kama mtu anayesoma. Akauliza waendeshaji wanabeba nini. Mmoja akasema ndizi za kupika, mikungu minne, kutoka Wakulima hadi Kayole, na njia ina matuta yasiyohesabika. Basi akakata kipande cha bati nene chenye umbo la pembetatu, akakichomelea kwenye kona ile pande zote mbili. Mhandisi alipoingiza kipande hicho kwenye hesabu zake, akapiga meza kwa furaha: mzigo ulikuwa sasa unagawanyika badala ya kulundikana mahali pamoja. Kuanzia hapo walikaa meza moja, na fremu zetu zote zina pembetatu ile.

Sasa nije kwenye betri, maana huko ndiko nilikoishi.

Betri yetu ilikuwa na seli 180, kila moja mfano wa kidole gumba kirefu, zimepangwa makundi 20 ya seli tisa tisa. Kila kundi hutoa volti 3.6, ukiyaunga yote 20 kwa mfuatano unapata volti 72. Ukishajua hivyo utaelewa kwa nini fundi wa betri hukosa usingizi. Makundi yale hutembea kama msafara: likichoka moja, mengine 19 hayawezi kuendelea bila yeye. Kibao cha ulinzi kilichomo ndani kitaona volti za lile moja zimeshuka mno na kitakata umeme wa betri nzima, hata kama wenzake wamejaa. Kwa hiyo kabla ya kuunganisha nilipima seli moja moja, nikaziandika, nikazipanga zinazolingana. Tulipokuwa tukiunda betri nne kwa siku, kila moja na seli zake 180, kazi hiyo iliwezekana. Betri zilipofika arobaini kwa siku, mtu mmoja akaja na wazo kwamba seli zilizotoka boksi moja hazina haja ya kupimwa. Nilikataa, na siku hiyo niliitwa mkaidi mbele ya watu. Niliwaomba tupime boksi moja pamoja. Tulikuta seli sita zilizo chini ya wenzake. Mashine ya kupimia ikanunuliwa.

Jambo lililonitesa zaidi lilikuwa namba ndogo kwenye dashibodi. Waendeshaji walikuwa wakija na lalamiko lile lile: "Madam, betri yenu inadanganya." Nilidhani ni maneno ya steji, hadi kijana mmoja aliponiambia nipande nyuma yake nijionee. Tulitoka Westlands na asilimia 40. Tulipoanza kupanda kuelekea Kangemi ikawa 31, mara 24, mara 18. Nilihisi mabega yake yakikakamaa chini ya jaketi. Aliegesha kando ya barabara akazima mota. Tukakaa. Namba ikapanda yenyewe: 20, 23, 27. Akanigeukia, hakusema kitu.

Betri haikuwa mbovu. Mota inapovuta nguvu nyingi mlimani, volti za betri hushuka kwa muda, kisha hurudi mzigo ukipungua. Programu yetu ilikuwa ikikisia chaji kwa kutazama volti peke yake, kwa hiyo kila mlima iliona njaa ambayo haikuwepo. Kwa mhandisi hilo ni jambo la kawaida. Kwa mtu aliyebeba abiria anayewahi kazini, mwenye deni la kulipa jioni, ni hofu inayomshika tumboni kila kilima, na Nairobi ina vilima. Baadhi yao walikuwa wakirudisha betri zikiwa na karibu nusu ya chaji kwa kuogopa, na hivyo kugharamia safari zisizo za lazima kuja kituoni, ambako tuliwabadilishia betri. Ilituchukua miezi mitano kubadili hesabu, tukaanza kuhesabu umeme wenyewe unaoingia na unaotoka, kama mtu anayehesabu ndoo za maji badala ya kuchungulia tangi. Siku tuliyoweka programu mpya sikusherehekea ofisini. Nilikwenda Kangemi nikapanda tena na kijana yule. Namba ilishuka pole pole, ikakaa pale iliposhuka. Juu kabisa akatoa mkono mmoja kwenye usukani, akaninyooshea kidole gumba bila kugeuka.

Mwaka 2023 ndipo kampuni ilipokua, na ndipo ilipokaribia kufa.

Mwaka huo kila kitu kilituelekea sisi. Umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri uliwekewa bei yake maalumu, na wa usiku ukawa nafuu zaidi. Kampuni ya Roam ilifungua kiwanda kikubwa hapa hapa Nairobi, chenye uwezo wa kutoa pikipiki za umeme 50,000 kwa mwaka, na ghafla watu waliokuwa wakituona waota ndoto wakaanza kutupigia simu. Petroli nayo ikazidi kupanda bei, hadi Septemba lita ikauzwa shilingi 211.64 Nairobi. Mtu anayekata kilomita 120 kwa siku hununua lita tatu hivi. Piga hesabu mwenyewe. Foleni tuliyoiota 2019 ikaja, hata kabla bei haijafika huko. Wengine walifika na bahasha za pesa taslimu.

Tukauza. Idara ya mauzo ilikuwa na kengele waliyoigonga kila pikipiki ilipotoka, na kuna siku ililia hadi tukaomba waipunguze.

Kosa letu lilikuwa hili: tulihesabu pikipiki. Mwendeshaji wetu hakuwa na betri yake mwenyewe. Alikuja kituoni, akaacha iliyokwisha, akachukua iliyojaa, akalipa kwa M-Pesa, akaondoka. Betri moja haimfikishi jioni, na ile aliyoiacha inahitaji saa kadhaa kujaa. Kwa hesabu yangu ya wakati ule, kwa kila pikipiki mbili barabarani tulihitaji walau betri tatu. Nilikuwa nimeiandika hesabu hiyo kwenye karatasi na kuibandika juu ya meza yangu. Lakini betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote, na pikipiki ndiyo inayopigwa picha. Kila pesa iliyoingia ikaenda kwenye pikipiki zaidi. Kufikia katikati ya mwaka ule tulikuwa tumeshuka hadi karibu betri moja kwa pikipiki moja.

Mtu asiyesimama kituoni hakuliona hilo. Kwenye chati mstari ulikuwa ukipanda. Kituoni Eastleigh, saa kumi jioni, nilihesabu waendeshaji 23 wamekaa ukingoni mwa mtaro na helmeti zao magotini. Saa kumi jioni ndiyo saa ya kazi. Ofisi zinafungwa na abiria wanajaa. Wengi wao walikuwa wamechukua pikipiki kwa mkopo unaolipwa kila siku, na mkopo haujui foleni. Saa moja ya kungoja betri ni abiria watatu au wanne waliochukuliwa na mwingine. Nilimwona baba mmoja akipokea simu ya nyumbani, akamwambia mtu, pengine mkewe, kwamba waanze kula. Alisema hivyo kwa sauti ya chini sana.

Kisha ukaja usiku wa Agosti 25, 2023. Ilikuwa Ijumaa. Kabla ya saa nne usiku umeme ulikatika, karibu nchi nzima. Kituo chetu kilikuwa na betri zaidi ya 60 kwenye makabati, nyingi bado chini ya nusu, na taa zake za kijani zikazimika zote kwa pamoja. Nilikuwa zamu. Nakumbuka ule ukimya wa feni zikisimama. Waendeshaji waliendelea kuja gizani mmoja mmoja, pikipiki zao hazina mlio, unaona taa tu. Niliwagawia betri kwa kuanzia na zilizojaa zaidi, nikiwauliza kila mmoja anaishi wapi: wa Kariobangi achukue ya asilimia 35, wa Ruai apewe ya 70. Walikubali. Wanaume waliokuwa wakigombana jioni yake kwa sababu ya foleni walipishana wenyewe, mmoja akamwambia mwenzake, "Wewe nenda, una mbali." Kufika saa saba usiku makabati yalikuwa matupu na sita walikuwa bado hawajapata. Walilala kituoni juu ya maboksi. Mimi pia.

Asubuhi mkurugenzi alikuja akawakuta. Hakuna aliyemfokea. Mmoja tu alimwuliza kama deni la siku ile atalipa au atasamehewa. Nilimwona akilipokea swali hilo, na nadhani ndilo lililofanya kile ambacho karatasi yangu ya ukutani haikuweza.

Wiki iliyofuata uliitishwa mkutano, nami nikaombwa kuzungumza. Sijawahi kuogopa hivyo. Niliwaeleza kuhusu Gogoro ya Taiwan, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2011 na kutoa skuta yake ya kwanza mwaka 2015, ikiwa na mtandao wa vituo vya kubadilishia betri tangu mwanzo. Miaka minne bila kuuza kitu. Niliwaeleza pia nilivyoona Kigali nilipokwenda kutembelea ndugu: kampuni ya Ampersand, nayo ya pikipiki za umeme, walianza biashara pale mwaka 2019 na pikipiki chache tu, na nilipokaa kituoni kwao kwa asubuhi moja niliona mwendeshaji akiingia na kutoka kabla chai yangu haijapoa. Kisha nikasema tuache kuuza. Kimya. Waliotukopesha walitaka namba za mauzo, si vituo. Mkurugenzi akasema ataongea nao mwenyewe.

Kwa miezi mitatu kengele haikulia. Wauzaji wawili waliacha kazi, na siwalaumu, walikuwa wakilipwa kwa kamisheni. Pesa yote iliyobaki ikanunua seli na makabati. Tulifungua vituo vidogo ndani ya vituo vya petroli na kando ya vibanda vya chai, mahali ambapo mwendeshaji hupita hata asipotuhitaji. Madeni ya siku ile ya giza yalisamehewa. Na tuliporudi kuuza, tulikuwa na sharti ambalo bado lipo: pikipiki haitoki getini kabla betri zake hazijaingia kwenye makabati.

Yapo mengine niliyojifunza ambayo nitayapitia upesi. Mvua za masika za 2024, zile zilizofurisha Nairobi, zilituonyesha kwamba plagi iliyoandikwa haiingii maji huingia maji ikichomekwa na kuchomolewa mara kumi kwa siku. Mpira wake huchakaa kabla ya chuma. Sasa tunaubadilisha kwa kalenda, bila kungoja ulalamike. Tulijifunza pia kuwafundisha mafundi wa mitaani. Mwanzoni tulificha michoro yetu tukidhani tunalinda siri, na matokeo yake mtu akikatikiwa waya Kitengela anangoja gari letu siku mbili. Leo kuna mafundi wa jua kali wanaojua kubadilisha kontrola (kifaa kinachoongoza mota) na breki zetu kuliko baadhi ya vijana tunaowaajiri. Betri peke yake ndiyo tunawaomba wasifungue, na tunawaeleza sababu: volti 72 za seli zilizogusana vibaya ni moto usiozimika kwa ndoo ya maji.

Waendeshaji huniuliza swali moja ambalo napenda kulijibu: kama umeme wenyewe hauzalishwi kwa kuchoma dizeli. Huwaambia kwamba sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji ya mito, na upepo wa Turkana. Mmoja aliyezaliwa Naivasha, jirani na Olkaria, alinyamaza kidogo, kisha akasema kumbe anaendeshea mvuke aliokuwa akiuona utotoni.

Sasa tuko zaidi ya watu 200. Sijui majina ya wote, na hilo hunisumbua. Mzee wa Donholm alinunua pikipiki yetu mwaka 2022, akaleta keria yake ya Kamukunji tumfungie. Ilikaa sawasawa.

Wiki iliyopita nilipewa kazi ya kukagua betri zilizostaafu. Betri ikishabakiwa na robo tatu hivi ya uwezo wake haimfai tena mtu wa steji, ila bado ina kazi. Tunaziunganisha kumi kumi, tunazifunga ukutani kwenye vituo, na umeme ukikatika huwasha taa, feni na chaja za simu, na kuongezea chaji betri chache za watu wenye safari ya mbali. Katika zile za Eastleigh niliikuta namba 7. Niliiunganisha kwa mkono wangu mwaka 2019. Mwandiko wangu bado upo juu ya gamba, wino umefifia. Niliifungua nikapima makundi yote 20. Yalikuwa yamechoka, lakini yamechoka pamoja, hakuna lililowaacha wenzake. Nikaifunga, nikaipandisha ukutani, nikaunga waya wa taa iliyo juu ya benchi wanapokaa waendeshaji.